Mkanda Umefungwa, Kiti Je?

Mwanzoni mwa mwaka 2004, kila gereji niliyoijua Mombasa ilikuwa inafunga mikanda ya viti. Waziri wa Uchukuzi wa Kenya wa wakati huo, marehemu John Michuki, alikuwa ametoa kanuni mpya: kuanzia tarehe 1 Februari, matatu isiyokuwa na mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni, isionekane barabarani. Wenye magari walilalama, wakagoma, mwisho wakapanga foleni. Mimi nilikuwa nimefanya mtihani wa kidato cha nne na nasubiri matokeo. Ami yangu alikuwa na gereji Magongo, na kwa kuwa mwili wangu ulikuwa mdogo kuliko wa mafundi wake wote, nikapewa kazi ya kuingia chini ya viti.

Kule chini kulikuwa na vumbi, maganda ya njugu, sarafu zilizopotea na ukweli wa gari. Juu, matatu za miaka ile zilikuwa zimepambwa: vitambaa vya rangi, spika kubwa, majina ya wanasoka na wanamuziki. Chini, kiti cha watu watatu kilikuwa kimeshikwa na bolti mbili na matundu mawili matupu.

Ami hakuwa mtu wa kufunga mkanda pindi anapoombwa. Alianza kwa kushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akakisukuma mbele, akakivuta nyuma, kisha ubavu kwa ubavu. Akisikia mlio, hata mdogo, angeniita: "Hebu toa zulia hapo, mwanangu." Zulia likishatoka, mazungumzo na mwenye gari yalibadilika sura.

"Mzee, mimi nimeleta gari lifungwe mikanda," mmoja alimwambia. "Sikulileta lifumuliwe."

"Mkanda nitaufunga kwenye kiti," ami akamjibu. "Kiti chenyewe kimefungwa kwenye nini, yakhe?"

Yule bwana aliondoka na gari lake. Hakuwa peke yake. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mafundi waliomaliza matatu nzima kabla ya adhuhuri, na kwa macho ya askari wa barabarani kazi yao na ya ami zilifanana kabisa: mikanda ipo, inang'aa, inafungika. Askari huchungulia mlangoni akahesabu mikanda. Hatoi zulia. Sitaki kumlaumu Michuki kwa hilo, maana kanuni zake zilikuwa njema na nchi ilizihitaji. Lakini kanuni ikishaandikwa, kila mtu hutimiza ile sehemu yake inayoonekana dirishani.

Ili kuelewa kwa nini ami alikuwa mbishi hivyo, ni lazima kujua gari lenyewe lilivyokuwa limezaliwa. Hiace na Nissan nyingi zilizofanywa matatu ziliondoka Japani zikiwa magari ya mizigo. Nyuma ya dereva palikuwa na sakafu tupu. Zilipofika kwetu zilikatwa madirisha, zikawekwa viti vilivyotengenezwa na mafundi wetu kwa bomba la chuma la mraba, sponji na kitambaa. Mjapani aliyechora sakafu ile hakuwahi kufikiria kwamba siku moja mtu mzima atakaa pale, achilia mbali watu watatu waliofungwa mikanda. Gari lililoundwa kubeba abiria huwa na vyuma vizito chini ya sakafu mahali miguu ya viti inapokaa, na nati zilizochomelewa kwa ndani tangu kiwandani. Kwenye gari la mizigo fundi hutoboa anapopaona panafaa, na anapopaona panafaa mara nyingi ni bati tupu lenye unene wa kama milimita moja.

Bati hilo linatosha kubeba uzito wa mtu aliyekaa. Uzito hushuka chini, sakafu huupokea, safari inaendelea. Gari likisimama ghafla au likigonga, mambo hugeuka. Mtu asiye na mkanda huruka peke yake na kiti hubaki. Mtu aliyejifunga mkanda ulioshikizwa kwenye kiti huondoka na kiti, na mzigo wote huenda kwenye bolti za miguu. Kiti hutaka kuanguka kifudifudi, miguu ya mbele hukandamizwa, ya nyuma hunyanyuliwa. Kwa hiyo kumfunga abiria mkanda kwenye kiti kilicholegea ni kumwongezea kiti mzigo ambao hakikuwa nao jana. Ami aliniambia hivyo siku ya kwanza. Mimi niliona anatafuta tu sababu ya kuwachelewesha watu.

Hesabu yake si ngumu. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu viti vya magari, huvijaribu viti vya magari madogo kwa mshtuko usiopungua mara 20 ya nguvu ya mvutano wa dunia, kwa muda wa sehemu 30 za elfu moja za sekunde. Kiti kisibanduke na kufuli zake zisifunguke. Hata tukiipunguza hesabu kwa nusu tuseme mara 10, abiria watatu wa kilo 70 kila mmoja watavuta kama kilo 2,100, bila kuhesabu kiti chenyewe wala mtoto aliyepakatwa. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini bati la milimita moja halihitaji muda mrefu kuchanika.

Baada ya kanuni kuanza kazi, lilivutwa hadi kwetu gari moja la njia ya Malindi. Dereva alikuwa amefunga breki kwa nguvu karibu na Kikambala kumkwepa mtu wa baiskeli, akagonga nyuma ya lori lililokuwa linapunguza mwendo. Haukuwa mgongano mkubwa. Taa zilivunjika, boneti ikakunjika. Lakini kiti cha safu ya pili kilikuwa kimeng'oka miguu yote ya nyuma na kulala juu ya migongo ya waliokaa mbele, kikiwa na abiria wake watatu ndani ya mikanda. Mmoja alivunjika mkono, wengine wawili waliumia mbavu, na wa mbele yao akachanika kichwa. Mikanda ilikuwa mizima. Ilibidi ikatwe kwa kisu ili watolewe.

Nilitumwa kutoa kiti hicho. Ninachokumbuka ni zile bolti za nyuma. Hazikukatika hata moja. Zilikuwa zinaning'inia kwenye miguu ya kiti, nati zake zimekaza vizuri, na kila moja ilikuwa imebeba washa ndogo na kipande cha bati la sakafu cha duara, kama kifungo kinavyong'oka na kipande cha kanzu. Ami alizigeuza mkononi kwa muda. "Angalia," alisema, "bolti haina kosa. Kosa liko hapo iliposhikia." Akazitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga aliouweka juu ya meza yake, na tangu siku ile mwenye gari akileta ubishi hakujibiwa kwa maneno. Alipewa mkebe aangalie.

Dawa ya tatizo lile ilikuwa rahisi na ya bei ndogo, ndiyo maana iliniudhi kuona haifanywi. Chini ya sakafu, kwa upande wa nje, ami aliweka bamba la chuma pana kuliko kiganja, lenye unene wa milimita kadhaa, na penye nafasi alilifanya liunganishe bolti mbili ili zisaidiane, au likamate vyuma vya fremu vinavyokatiza sakafu. Nguvu ikija, hailemei tundu moja. Husambaa eneo zima. Washa ya kawaida, hata ukipanga tatu, haifanyi kazi hiyo. Na kabla ya kutoboa, alinituma chini na chaki. Kwenye Hiace tangi la mafuta na mabomba ya breki hupita hapo hapo chini ya miguu ya abiria, na keekee haina macho. Nilichora yanapopita, nikagonga sakafu kwa kidole kumwonyesha aliyeko juu atoboe wapi.

Kutu ni hadithi nyingine, na sisi watu wa pwani tunaijua zaidi ya watu wa bara. Hewa yetu ina chumvi, na magari yanayovuka kwa feri ya Likoni kila siku hukanyaga maji ya bahari kwenye gati. Lakini magari yaliyokuwa mabaya kupita yote ni yale ya kusini, ya kuja kutoka upande wa Msambweni na Vanga, yaliyobeba abiria pamoja na vikapu vya samaki na pweza. Maji ya samaki huchuruzika, hupenya chini ya zulia, na zulia huyakalia kwa siku nyingi. Juu unakuta pakavu. Ukiinua zulia, unakuta jasho jeusi na harufu isiyoelezeka, na katikati yake mguu wa kiti.

Kutu ya aina hiyo ina hila. Haianzi kwenye kichwa cha bolti mahali utakapoiona. Kichwa kina rangi na wakati mwingine kofia ya plastiki. Huanza shingoni, pale bolti inapopita kati ya mguu wa kiti na sakafu, ambapo maji hukaa na hewa haipiti. Bolti inakatwa polepole kwa ndani huku kichwa kikiwa kizima. Nilishawahi kuweka spana namba 14 juu ya kichwa kisafi kabisa, nikavuta kwa nguvu ya kufungulia chupa ya soda, kikaja mkononi. Shingo iliyobaki ilikuwa nyembamba kuliko penseli, na imechongoka.

Ndiyo sababu kukagua kwa macho peke yake hakutoshi. Ami alikuwa na mpangilio wake ambao nami naufuata hadi leo kwenye gari langu dogo. Kiti cha mbele hukirudisha nyuma kabisa ili bolti za mbele za reli zionekane, kisha hukisogeza mbele kabisa ili za nyuma zijitokeze. Huondoa vifuniko vya plastiki. Huwasha tochi na kutazama vitu vitatu: michirizi ya kahawia inayotoka chini ya kichwa, rangi iliyopasuka kuzunguka washa, na tundu lililoacha kuwa duara. Tundu lililorefuka ni ushahidi kwamba kiti kimekuwa kikicheza kwa muda mrefu, na kukaza bolti hapo ni kupoteza wakati. Kisha huchukua bisibisi kuukuu na kuchokora bati lililo karibu. Bati zima hukataa. Bati lililooza humeza bisibisi. Mwisho huingia chini ya gari, maana sakafu ina pande mbili na lami iliyopakwa chini huficha mengi.

Kufungua bolti yenye kutu kunahitaji subira kuliko misuli. Brashi ya waya kwanza, kuondoa uchafu kwenye hesi inayochungulia chini, la sivyo uchafu ule utaisaga nati njiani. Kisha mafuta ya kulegeza kutu, au yakikosekana, dizeli, halafu uende ukanywe chai. Ukirudi, kaza kidogo kwanza, kisha fungua, kaza, fungua. Vijana wengi hukimbilia bomba refu la kuongezea spana mkono, wakakata bolti au wakang'oa nati iliyochomelewa ndani ya fremu, ambako mkono haufiki. Hapo kazi ya dakika inageuka kazi ya siku nzima na grenda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naamini limeua viti vingi kuliko kutu: bolti ya kubahatisha. Bolti ya kiti kwenye Toyota nyingi ni ya milimita 10, na hesi yake ni nyembamba. Kutoka mstari hadi mstari ni milimita 1.25. Bolti ya milimita 10 inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kawaida ni ya milimita 1.5. Ukizitazama mbili hizo mezani huoni tofauti. Ukiingiza ile ya duka kwenye nati ya Toyota, itazunguka kidogo kwa mkono, itakwama, na mwenye haraka ataimalizia kwa spana. Atahisi imekaza kweli. Kinachokaza pale ni hesi mbili zinazokatana. Kiti kitatulia kwa miezi, na bolti itashikiliwa na vipande viwili vitatu vya chuma kilichosagika. Ami alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: bolti isiyoingia kwa vidole mizunguko kadhaa haiingii kabisa. Kama hesi ya nati imechakaa, isafishwe kwa tapu ya saizi yake. Kama imekufa, iwekwe nati mpya na bamba.

Halafu kuna ugumu wa chuma. Kichwa cha bolti nzuri kina namba. Ukiona 8.8 au 10.9, umepewa habari kuhusu nguvu yake. Bolti za Kijapani mara nyingi huandikwa tarakimu moja tu, kama 7 au 8. Bolti ya milimita 10 ya daraja la 8.8 huvutwa na karibu tani 4.7 kabla ya kukatika. Ile laini ya daraja la 4.6, inayotosha kabisa kushikia mabati ya paa, hukatika kwa nusu yake. Bolti isiyo na namba yoyote haijakuahidi kitu. Na hata iliyo ngumu, mtu akiichomelea kichwa "isilegee tena", moto unalainisha kile chuma kilichokuwa kimepikwa kwa makusudi kiwe kigumu. Kuchomelea bolti ya kiti ni desturi niliyoikuta kila mahali, na kila mara mwenyewe alijivunia. Ami alikuwa akiona weko la moto kwenye kichwa cha bolti, anaguna tu.

Bolti ya mkanda wenyewe ni jambo la pekee, na hapa mafundi wazuri pia hukwama. Magari ya Japani ni ya milimita kila mahali, isipokuwa hapo. Bolti za nanga za mkanda, karibu dunia nzima, ni za inchi: saba ya kumi na sita, hesi 20 kwa inchi. Ni sawa na milimita 11.1. Fundi aliyepoteza ya kwake hujaribu ya milimita 10, nayo huingia kirahisi na kucheza ndani. Hujaribu ya 12, haiingii, basi huilazimisha. Isitoshe, bolti halisi mara nyingi ina bega, sehemu laini isiyo na hesi karibu na kichwa, ili kile kipande cha chuma kinachoshika mkanda kiweze kuzunguka hata bolti ikikazwa mwisho. Ukiweka bolti ya kawaida, kipande kinabanwa, mkanda unajipinda, na unaanza kulika pembeni. Nils Bohlin wa Volvo, aliyetengeneza mkanda wa pointi tatu tunaoutumia mpaka leo, mwaka 1959, aliutia nanga chini kando ya nyonga kwa sababu mfupa wa nyonga huweza kustahimili. Hesabu yake nzuri inategemea nanga zibaki mahali alipoziweka.

Kurudisha kiti ni kazi ya utulivu. Unasafisha chuma kilichobaki mpaka king'ae, unapaka rangi ya kuzuia kutu, unaiacha ikauke kweli. Rangi mbichi chini ya mguu wa kiti hujikamua baadaye na bolti ikapoteza mkazo wake. Bolti zote nne huanzwa kwa mkono kabla ya hata moja kukazwa, ili reli zijipange zenyewe. Ukikaza moja kwanza, ya nne itakataa tundu lake, na utaanza kuitafutia nyundo. Kwa magari yake mengi madogo Toyota hutaka bolti za kiti cha mbele zikazwe kwa nyutoni-mita 37. Kwa spana ya sentimita 25 ni kama kuvuta kilo 15: mkono imara wa mtu mmoja, bila kuning'inia na bila bomba. Ile spana yenye kipimo, inayotoa mlio ikifika, ami aliinunua baadaye sana. Alijaribu kwanza kwa mkono wake, kisha akapima, na akafurahi kama mtoto kuona mkono haukuwa mbali.

Kiti cha mbele cha Hiace kina kasoro ya peke yake inayotokana na mahali injini ilipo. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kila servisi mtu hukifungua kiti na kukiinua. Komeo lake hufunguliwa na kufungwa mamia ya mara na watu tofauti wenye haraka. Nimekuta madereva wanaoendesha kiti kikiwa kimekalia tu, komeo halikuingia. Wao hudhani kishindo kile ni cha barabara mbovu.

Miaka imepita, ami ametangulia mbele ya haki, na mimi nikaishia kufanya kazi ya kuwasaidia watu kuchagua magari ya mtumba yanayoshuka bandarini. Zile siku za kulala chali zimenilipa. Watu hukimbilia kusikiliza injini na kuangalia mwendo ulioandikwa kwenye dashibodi. Mimi huanza chini ya kiti cha dereva. Bolti za kiti zilizo ndani ya gari hazina sababu ya kushika kutu nzito gari likiwa halijazidi umri wa miaka minane, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa kuingizwa Kenya. Nikikuta kutu kwenye bolti hizo na kwenye springi za chini ya kiti wakati mazulia ni masafi na yananukia sabuni, najua gari limewahi kuingiwa na maji, iwe ni mafuriko au kitu kingine. Nikikuta rangi ya vichwa vya bolti imechubuka, najua viti vimewahi kutolewa, na nauliza kwa nini. Nikikuta bolti moja haifanani na zile nyingine tatu, naomba kuona sehemu zilizobaki za gari kwa makini mara mbili. Kutu ya nje, chini ya gari, ni habari tofauti: huenda gari limetoka sehemu za theluji, ambako barabara humwagwa chumvi.

Magari ya siku hizi yameongeza jambo moja ambalo ami hakulikuta. Chini ya kiti kuna waya zenye plagi za manjano, za mifuko ya hewa ya ubavuni na kivuta mkanda. Hizo si za kuchezea. Kabla ya kugusa kiti, toa waya wa hasi wa betri na usubiri sekunde 90 au zaidi, kama Toyota wanavyoagiza, umeme uliobaki uishe. Mifuko ile hufyatuliwa na baruti. Na ukimaliza, taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi ikibaki inawaka, kazi haijaisha, hata kiti kiwe kimekaa vizuri namna gani. Kwa magari ya Ulaya ambayo bolti zake zina tundu la nyota, nunua kifaa chake. Kupigilia spana ya pembe sita kwa nyundo ni kujiandalia kilio cha safari ijayo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini bolti za kiti husahauliwa wakati breki na tairi hazisahauliki. Nadhani ni kwa sababu hazina mwenyewe. Breki zikishindwa dereva anajua siku hiyo hiyo. Tairi likiisha, askari analiona na tajiri anatozwa faini. Kiti kinacholia hakimsumbui tajiri, maana hapandi. Dereva ana kiti chake. Makanga husimama mlangoni. Abiria anayekalia kiti hicho anashuka baada ya nusu saa, na kesho anapanda gari lingine. Mlio ule wote wanausikia, ila hakuna wa kupelekewa habari. Bolti mbovu huweza kukaa hivyo miaka, na haidai kitu mpaka ile siku moja.

Kwa hiyo abiria, ukikaa kwenye kiti kinachoyumba, usijifunge mkanda ukanyamaza. Mwambie makanga, kwa sauti, wengine wasikie, kisha hamia kiti kingine kama kipo. Na wewe mwenye matatu, au mwenye basi dogo la kubeba wanafunzi: siku gari litakapoingia gereji kubadilishwa oili, mwambie fundi atoe zulia lote, afungue bolti moja ya kiti cha nyuma mbele ya macho yako, akupe mkononi uiangalie shingoni. Akikwambia hakuna haja, tafuta fundi mwingine.